Matoleo mawili au matatu ya programu kwenye kompyuta moja: mwongozo kamili kwa ofisi za uhandisi Mtwara na Lindi

Ofisi ya uhandisi iliyoko Mtwara mjini au Lindi haijichagulii toleo la programu. Toleo linaletwa na faili. Mshauri wa Dar es Salaam anatuma michoro ya barabara, mwenye ghala la korosho kule Masasi analeta modeli ya Revit (programu ya kusanifu majengo kwa 3D) ya mwaka juzi, na halmashauri inataka ramani ya viwanja katika toleo lilelile la QGIS (programu ya ramani) walilonalo wao. Wote wanataka kazi irudi ikiwa inafunguka kwao. Ndiyo maana kompyuta moja inalazimika kubeba matoleo mawili, matatu, hata manne ya programu ileile.

Programu zenyewe mara nyingi hukaa pamoja bila ugomvi. Kinachoumia ni faili. Faili likishahifadhiwa kwenye toleo jipya, kwa programu nyingi halirudi tena kwenye toleo la zamani, na hakuna kitufe cha kutengua. Hatua zote zilizo hapa chini zinalinda faili kwanza, kompyuta baadaye.

Jua faili ni la toleo gani kabla ya kusakinisha chochote

Watu wengi husakinisha toleo la pili bila kulihitaji. Chukua faili la DWG, yaani mchoro wa AutoCAD, nakili, kisha fungua nakala hiyo kwa Notepad. Utaona takataka za herufi, lakini herufi sita za mwanzo kabisa zinasomeka vizuri. Hizo ndizo kitambulisho cha umbizo:

AC1015 ni AutoCAD 2000 hadi 2002
AC1018 ni 2004 hadi 2006
AC1021 ni 2007 hadi 2009
AC1024 ni 2010 hadi 2012
AC1027 ni 2013 hadi 2017
AC1032 ni 2018 na kuendelea

Funga Notepad bila kuhifadhi. Ukiangalia orodha hiyo utaona kwamba AutoCAD 2019 na AutoCAD 2024 zinatumia umbizo moja. Kwa michoro ya kawaida ya mistari, maandishi na bloku, huna sababu ya kuwa na zote mbili. Sababu ya kweli huwa plagini (programu ndogo ya kuongezea uwezo), au mteja aliyebaki na toleo la nyuma ya 2018. Na huyo wa pili unaweza kumhudumia kwa amri ya DWGCONVERT, inayobadilisha mafaili mengi kwa mkupuo kwenda umbizo la 2013 au la nyuma zaidi. Anayetaka kubadilisha tu bila kuchora anaweza kutumia DWG TrueView, ambayo ni ya bure.

Civil 3D, programu ya barabara na ardhi iliyojengwa juu ya AutoCAD, ina mtego wake. Herufi sita zitasema AC1032 na utadhani mambo ni shwari, kumbe ndani ya DWG hiyo mna vitu vya Civil 3D yenyewe: uso wa ardhi, mstari wa barabara, korido (modeli ya barabara nzima). Hivyo hubadilika kadiri matoleo yanavyosonga. Toleo la zamani likishindwa kuvisoma, litavionyesha kama picha tupu isiyoharirika. Kitambulisho kinataja ganda, hakisemi kokwa. Kwa Civil 3D, muulize aliyetuma anatumia toleo la mwaka gani, na jibu liwe la maandishi.

Revit haina huruma hata kidogo. Faili la RVT la toleo jipya halifunguki kabisa kwenye toleo la nyuma, na Revit haina njia ya kuhifadhi kwenda nyuma. Hapa ndipo matoleo mengi kwenye kompyuta moja yanapokuwa lazima. Mradi ulioanza kwenye 2022 unamalizwa kwenye 2022, hata kama ofisi imeshanunua 2025.

ETABS, programu ya kukokotoa uimara wa majengo, nayo haisomi faili la toleo la mbele yake, ila ina upenyo. Ndani ya programu, toa modeli kama faili la maandishi la e2k. Lifungue kwa Notepad, na karibu na mwanzo utakuta mstari wa namna hii:

PROGRAM "ETABS" VERSION "20.3.0"

Wapo wanaobadilisha namba hiyo na kuliingiza faili kwenye toleo la nyuma. Inawezekana, lakini vitu ambavyo toleo la nyuma halivijui vitadondoka njiani. Ukifanya hivyo, linganisha jumla ya mizigo kwenye misingi kabla na baada. Jumla zikitofautiana, usiendelee hata hatua moja mpaka ujue kilichopotea. Jengo litasimama juu ya namba hizo.

Archicad, nayo ya kusanifu majengo, ni ya kati kwa kati: toleo jipya linaweza kuhifadhi PLN (faili lake la mradi) kwa toleo moja la nyuma yake. Ukitaka kurudi matoleo matatu, inabidi uwe na yote ya katikati na ushuke ngazi kwa ngazi. SolidWorks, ya kuchora vipuri na mashine, iliruhusu kuhifadhi kwenda nyuma kuanzia 2024, kwa matoleo mawili tu, na kwa mwenye usajili ulio hai.

Diski, bando na umeme

Kwa kila toleo la Revit tenga GB 30 za diski, na AutoCAD GB 10. Usihesabu programu peke yake, maana kisakinishi kinapojifungua kinakula nafasi nyingine. Diski ya SSD ya GB 512 inatosha matoleo matatu na miradi inayoendelea. Ya GB 256 itakusumbua kuanzia toleo la pili. RAM haiongezeki kwa sababu ya kuwa na matoleo mengi, inaongezeka kwa sababu ya kuyafungua pamoja. Kama utafungua Revit mbili ubavu kwa ubavu ukilinganisha modeli, weka GB 32.

Kwenye tovuti ya mtengenezaji, pakua faili zima la usakinishaji badala ya kubofya usakinishaji wa moja kwa moja. Ule wa moja kwa moja ukikatika katikati unakula bando tena, na huna cha kuhifadhi. Pakua usiku, kisha nakili mafaili hayo kwenye diski ya nje yenye folda ya kila toleo, pamoja na apdeti zake na faili la maandishi lenye namba ya leseni. Ukibadilisha kompyuta miaka miwili baadaye, toleo hilo huenda halipatikani tena kwenye akaunti yako. Kwa hali ya hewa ya pwani yetu, yenye joto na chumvi, funga diski hiyo kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vifuko vya silika, na iunganishe walau mara moja kwa miezi mitatu uhakikishe inasoma.

Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, unapata toleo lililosakinishwa nusu: haliwaki na halifutiki. Kompyuta ya mezani isisakinishe chochote bila UPS. Laptopu ifikishe chaji asilimia 80 kwanza, na zima ile tabia ya kujilaza inapoachwa.

Kusakinisha: la zamani kwanza

Anza na toleo la zamani kuliko yote, panda hadi jipya. Sababu yake ni hii. Kila toleo lina folda yake, lakini yapo mambo yanayotumiwa na matoleo yote kwa pamoja: huduma ya leseni, maktaba ya vifaa vya ujenzi (Material Library), na vifurushi vya Visual C++ vya Windows. Kinachoingia mwisho ndicho kinachotawala, na vya karibuni kwa kawaida huwaelewa wakubwa zao. Ukigeuza mpangilio, la zamani linaweza kubandika vitu vyake juu ya vya toleo jipya, na jipya likagoma.

1. Tengeneza alama ya kurejesha mfumo ya Windows, uipe jina linaloeleweka, kwa mfano "kabla ya Revit 2023".

2. Maliza apdeti za Windows na uwashe upya kompyuta. Usakinishaji mwingi hugoma kwa sababu Windows ilikuwa inasubiri kuwashwa upya.

3. Sakinisha toleo la zamani. Usibadilishe folda inayopendekezwa, kwa kuwa tayari ina mwaka ndani ya jina. Kwa SolidWorks angalia vizuri: kisakinishi kitauliza kama kihuishe toleo lililopo au kitengeneze jipya. Chagua kutengeneza jipya, la sivyo la zamani litamezwa. Data ya Toolbox (maktaba yake ya bolti na nati) nayo ipe folda ya kila toleo.

4. Weka apdeti zote za toleo hilo, kisha lifungue, liwashe leseni, fungua faili moja, chapisha ukurasa mmoja wa PDF, lifunge. Hatua hii watu huiruka, halafu wakimaliza matoleo matatu hawajui lipi ndilo lililoharibu.

5. Washa upya kompyuta, kisha rudia kwa toleo linalofuata.

Vifurushi vya Visual C++ utaviona vingi kwenye orodha ya programu: 2005, 2008, 2010, 2012, 2013, na kimoja cha 2015 hadi 2022. Vinafanana kama marudio, na mtu anayesafisha kompyuta hushawishika kuvifuta. Viache. Kila kimoja kinategemewa na programu tofauti.

Kila toleo na chumba chake

AutoCAD hutenganisha mipangilio yenyewe. Ya 2024 iko kwenye folda iitwayo R24.3, ya 2025 kwenye R25.0. Huhitaji kufanya kitu, isipokuwa kwa vile vya ofisi: fonti za SHX, mafaili ya CTB ya unene wa mistari, na kiolezo chenye kibandiko cha ofisi. Hivyo viweke sehemu moja, mfano D:\Ofisi\CAD, kisha kwenye kila toleo fungua Options, kichupo cha Files, uongeze folda hiyo kwenye njia za kutafuta na kwenye maeneo yanayoaminika. Usipofanya hivyo, mchoro uleule utatoka na mistari minene kwenye toleo moja na myembamba kwenye lingine.

Namba hizo za R zinakuambia pia hatima ya plagini. Plagini za ARX (zilizoandikwa kwa C++) hufuata namba kubwa: iliyotengenezwa kwa R24 inakwenda 2021 hadi 2024, na kwa R25 inahitaji kutengenezwa upya. Plagini za .NET (mazingira ya Microsoft ya kuendeshea programu) zilipata pigo zaidi, kwa kuwa AutoCAD, Civil 3D na Revit za 2025 zilihamia .NET 8 kutoka .NET Framework. Plagini ya kukokotoa vipimo iliyofanya kazi vizuri kwenye 2024 ikigoma kwenye 2025, huenda haina ubovu wowote. Mwombe aliyeitengeneza toleo la 2025, na mpaka utakapolipata fanyia kazi hiyo kwenye 2024. Programu ndogo za LISP kwa kawaida huhama bila tabu.

QGIS ndiyo inayohitaji mkono wako. Toleo la 3.34 na la 3.40 hujisakinisha kwenye folda mbili tofauti, lakini yote mawili husoma wasifu mmoja wa mtumiaji. Ukiweka plagini kwenye 3.40, itaonekana 3.34 pia, na ikiwa haiendani, 3.34 itafunguka na kilio chekundu juu ya skrini. Tenganisha hivi: bofya kulia njia ya mkato ya toleo la zamani, fungua Properties, na mwishoni mwa mstari wa Target ongeza nafasi moja kisha

--profiles-path D:\QGIS\wasifu334

Fanya vivyo hivyo kwa la pili ukiweka wasifu340. Kuanzia hapo kila toleo lina plagini zake na mipangilio yake, mradi ulifungue kwa njia hiyo ya mkato.

Ukishatenganisha, jaribu mfumo wa majira, yaani namba zinazotaja mahali kwenye ramani. Mtwara na Lindi ziko ukanda wa 37 Kusini wa UTM, na namba za utambulisho za mifumo yake ni EPSG 32737 kwa WGS 84 (mfumo wa GPS) na EPSG 21037 kwa Arc 1960 (mfumo wa ramani za zamani). Fungua safu ileile kwenye matoleo yote mawili na uweke kishale juu ya Mtwara mjini. Namba ziwe karibu na 630,000 mashariki na 8,860,000 kaskazini. Toleo moja likikusogezea viwanja kwa karibu mita 300, basi limechanganya Arc 1960 na WGS 84. Kama orodha ya mifumo ya majira imekuwa tupu au kuna malalamiko kuhusu proj.db (hifadhidata ya mifumo hiyo), fungua vigezo vya mazingira vya Windows utafute PROJ_LIB. Programu nyingine ya ramani au ya hifadhidata imekiweka, na sasa QGIS inaelekezwa kwenye nyumba isiyo yake. Andika kilivyokuwa, kifute, fungua upya.

Usibofye faili mara mbili

Hii ndiyo kanuni ya kubandika ukutani. Ukibofya faili mara mbili, Windows au kizinduzi cha programu ndicho kinachoamua toleo, na mara nyingi kitachagua lililotumika mwisho au lililo wazi tayari. Fungua programu kwanza, hakikisha mwaka kwenye skrini ya kuwakia, kisha fungua faili kutoka ndani.

Revit ikianza kuonyesha dirisha la kuhuisha modeli wakati hukukusudia, usitaharuki. Faili lililoko kwenye diski bado ni lile la zamani mpaka utakapohifadhi. Acha ifunguke, ifunge bila kuhifadhi, uende toleo sahihi. Kama umeshahifadhi, tafuta kwenye folda hiyohiyo nakala zenye namba kama ghala.0004.rvt, uchukue ya mwisho kabla ya kosa.

Jina la faili libebe mwaka: Ghala_Masasi_R22.rvt, yaani Revit 2022. Toleo jipya la mradi lianze kama nakala yenye jina jipya, na la zamani liwekwe alama ya kusomwa tu. Kwa QGIS, faili la qgz ni zipu ya kawaida. Nakili, badilisha mwisho uwe .zip, fungua faili la qgs lililomo, na mistari ya kwanza itataja toleo lililolihifadhi.

Kumpelekea mwenye toleo la zamani kazi ya Civil 3D, tumia amri ya -EXPORTTOAUTOCAD kupata mchoro wa mistari mitupu anaoweza kuufungua, na mpe LandXML (faili la kubadilishana data za ardhi na barabara) ya uso wa ardhi, mistari ya barabara na miinuko. Korido haitasafiri ikiwa hai. Atalazimika kuijenga upya kwake, kwa hiyo mtumie na maelezo ya sehemu mtambuko ya barabara.

Leseni

Usajili wa Autodesk, mtengenezaji wa AutoCAD, Civil 3D na Revit, unaruhusu toleo la sasa na matatu ya nyuma yake. Kila mwaka toleo moja linadondoka upande wa nyuma, kwa hiyo pakua kisakinishi chake mapema kabla mlango haujafungwa. Kwa leseni ya seva, yaani ile inayogawiwa kompyuta za ofisi kutoka kompyuta moja, kanuni ni moja: programu ya seva iwe mpya sawa na toleo jipya kuliko yote mnayotumia, au zaidi. Seva mpya inahudumia wateja wa zamani, seva ya zamani haimjui mteja mpya. Mnapoongeza ANSYS (programu ya uchambuzi wa kihandisi) mpya, anzeni kwa kuhuisha seva. Ofisi yenye seva mbili itenganishe anwani kwa nukta mkato ndani ya kigezo, mfano 27000@seva1;27000@seva2 kwenye ADSKFLEX_LICENSE_FILE.

Toleo la wizi lisikaribie kompyuta hii. Ukiacha sheria na virusi, vivunja-leseni huchezea ile huduma ya pamoja ya leseni, na toleo halali mlilolipia ndilo litakalokataa kuwaka asubuhi ya kuwasilisha zabuni.

Zisizokubali kukaa nyumba moja

Matoleo mawili ya ArcGIS Pro, programu ya ramani, hayakai kwenye Windows moja, wala mawili ya ArcMap, mtangulizi wake. ArcMap moja na Pro moja hukaa. Programu za zamani sana nazo hazitaki Windows ya leo. Hapo tengeneza kompyuta ndani ya kompyuta kwa VirtualBox. Ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) uwashe uwezo wa prosesa wa kuendesha kompyuta ya ndani (virtualization). Ukiona VirtualBox inakupa Windows za biti 32 tu, ujue haujawashwa. Ipe kompyuta ya ndani RAM GB 8, nusu ya viini vya prosesa, diski ya GB 80 inayokua yenyewe, na folda ya pamoja ya kupitishia mafaili. Sakinisha Guest Additions (nyongeza za VirtualBox kwa kompyuta ya ndani), kisha programu, kisha leseni, halafu piga picha ya hali yake (snapshot) ili uweze kuirudia. Kabla ya kununua, uliza kama leseni inakubali mazingira hayo, maana nyingine hukataa. Mchoro wa 3D mzito utakwenda kwa kujivuta, ila ramani, hesabu na kusoma mafaili ya zamani vinakwenda vizuri.

Kuondoa toleo

Kabla ya kufuta, hamisha violezo, CTB na LISP zake. Ondoa kwa kutumia orodha ya programu ya Windows, usifute folda kwa mkono. Futa programu kuu kwanza, ukiulizwa kuhusu vitu vya pamoja jibu kuviacha, na maktaba ya vifaa isiguswe kama kuna toleo lingine linaloitumia. Washa upya, kisha fungua kila toleo lililobaki na ufungue faili lake moja. Likigoma kwa sababu ya leseni, sakinisha upya huduma ya leseni ya toleo jipya kuliko yote, ambayo kwa Autodesk iko ndani ya folda ya AdskLicensing chini ya Autodesk Shared. Likigoma kwa kukosa faili la DLL, tumia chaguo la kurekebisha kwenye orodha ileile ya programu, ukianza na toleo la zamani.